Wikendi kwa mashua ya tanga, Mbita hadi Mfangano: tupange vipi?

Mwalimu wa Njoro

Hamjambo wenyeji wa ziwani. Naomba ushauri wenu.

Tuko marafiki saba tuliosoma pamoja chuo cha ualimu, na kila likizo ya Agosti huwa tunatafuta mahali pa kukaa siku mbili tatu bila simu za kazi. Safari hii tumekubaliana kuja Ziwa Victoria, na si kwa boti ya injini. Tunataka mashua ya mbao, ya tanga, yenye nahodha anayeijua kazi. Mimi hufundisha jiografia. Kila mwaka nawachorea wanafunzi ubaoni mishale ya upepo wa nchi kavu na upepo wa majini, na bado sijaketi ndani ya chombo kinachosukumwa na upepo huo. Mwenzetu mmoja aliacha chaki akawa seremala Molo. Yeye anataka kuona jinsi mbao za mashua zinavyoungwa zikashika maji.

Tulivyopanga ni hivi. Ijumaa tukishakula cha mchana tunatoka Nakuru, tunapita Kericho hadi Mbita, tunalala. Jumamosi asubuhi tunatweka tanga, tunapitia kisiwa cha Takawiri tuone ule mchanga mweupe, jioni tunafika kisiwa cha Mfangano. Jumapili asubuhi tunaona michoro ya kale kwenye mapango, saa sita tunageuza, saa kumi na moja jioni tuko Mbita, na usiku tuko barabarani. Jumatatu saa mbili asubuhi wawili wetu wana mkutano.

Je, mashua za tanga bado zipo za kukodi, au injini zimezimaliza? Ratiba yetu inawezekana? Na mwenzetu mmoja hajui kuogelea kabisa. Hajawaambia wengine, ila mimi ameniambia, na sitaki aje akae na hofu safari nzima. Tumsaidie vipi?

Nyar Rusinga

Mwalimu, karibu sana kwetu. Nimezaliwa Rusinga. Baba yangu alikuwa nahodha kabla sijazaliwa hadi magoti yalipomkatalia, na nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuketi penye ngama na kata ya kibuyu nikichota maji yanayoingia. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nalipenda, na nataka mrudi kwenu mkitamani kuja tena.

Mashua za tanga bado zipo, ingawa si kama zamani. Abiria siku hizi karibu wote wanakwenda kwa boti za injini, na tanga limebaki kwa wavuvi na kwa wazee wasiotaka gharama ya petroli. Mtapata. Lakini ratiba yako, mwalimu, haiwezekani, na ni afadhali nikwambie sasa.

Upepo wa huku una saa zake. Usiku hadi asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na huo ndio unaowatoa wavuvi. Saa nne, saa tano hivi, unakatika. Tanga linaning'inia, maji yanakuwa laini kabisa, jua linawapiga kutoka juu na kutoka chini, na mtu hana la kufanya ila kungoja au kushika kafi. Halafu, mara nyingi baada ya saa saba, unaona kwa mbali magharibi mstari wa rangi nzito umelala juu ya maji. Ukiutazama vizuri unauona unasogea. Hapo baba alikuwa anatazama tanga, anatazama kila mmoja wetu alipoketi, na anaitia mkononi kamba ya demani, ile ya kuvuta na kulegeza tanga. Hatukuongea. Upepo unafika kwanza usoni, baridi, wenye harufu ya maji ya mbali, kisha mlingoti unalia, na mashua inainama na kuanza kwenda. Wavuvi wanarudi nyumbani na upepo huo.

Sasa chukua ramani yako. Mfangano iko magharibi ya Mbita. Asubuhi upepo wa nchi kavu unawapeleka, alasiri upepo wa ziwa unawarudisha. Hakuna safari iliyopangwa vizuri kuliko hiyo, mradi mtoke mapema. Mkiwa majini saa kumi na moja alfajiri, giza bado lipo, mtafika mnakokwenda kabla shwari haijawakuta. Mkichelewa hadi saa tatu kwa ajili ya chai na picha, mtanaswa katikati na shwari, kisha upepo utawajia wa uso, na mtabisha, yaani kwenda mshazari huku na huku mkipingana na upepo, hadi jua lizame. Hivyo hivyo kurudi: kutoka Mfangano saa sita kamili ni kumlazimisha nahodha apige kafi. Anayeamua ni upepo, na siku nyingine unachelewa, siku nyingine unakuja na mvua ya radi ikabidi mlale mlipo.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili: Jumatatu iwe wazi. Wale wawili wenye mkutano wauahirishe, au wasije. Simaanishi ukali. Nimeona watu wazima wakimsukuma nahodha aondoke huku wingu limesimama jeusi, eti wana kazi kesho, na nahodha maskini ana ada za shule za kulipa anaogopa kupoteza malipo. Siku kama hizo ndizo watu wanazokufa maji. Mlipeni nahodha wenu siku ya ziada hata kabla hamjang'oa nanga, mwambieni mbele ya wote kwamba akisema tunalala, tunalala. Utaona uso wake ukilegea.

Jambo jingine ambalo wageni hawaulizi: huku Wasabato ni wengi. Nahodha Msabato hatweki tanga Jumamosi, na msimwombe. Tafuteni asiye Msabato, au mfanye ambavyo mimi ningefanya: Jumamosi mkae Rusinga, Jumapili mwende Mfangano, Jumatatu mrudi. Rusinga haiwezi kuwachosha. Kuna kaburi la Tom Mboya, yule mwanasiasa aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akarudishwa kuzikwa kwao. Na wewe wa jiografia utapenda kujua kwamba ni kisiwa hiki ambapo Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipata fuvu la Proconsul, nyani wa zama za kale sana, mwaka 1948.

Seremala wenu namwandalia yake. Kwetu kuna fundi anayeunda mashua chini ya mti, bila mchoro wowote wa karatasi. Anaanza na mkuku, mti mmoja mrefu wa chini kabisa unaobeba mashua nzima, kisha anapandisha mbao za mvule ubavu kwa ubavu. Mwanya kati ya mbao na mbao anaujaza pamba iliyosokotwa, anaisukuma kwa patasi butu na nyundo, taratibu, akisikiliza mlio. Mlio ukibadilika anajua pamba imekaza. Juu yake anapigilia ukanda mwembamba wa bati. Hata hivyo mashua itavuja kidogo, na mpya huvuja zaidi hadi mbao zinywe maji na kuvimba. Msishtuke mkiona mtoto na kata yake.

Mwisho kwa leo: msiende upande wa magharibi wa Mfangano. Sisi Wakenya tuna kama asilimia 6 tu ya ziwa hili, na watu hudhani ziwa ni hiki tunachokiona. Ukipita Mfangano kuelekea magharibi unakutana na zaidi ya kilomita 200 za maji matupu, na mawimbi yanayotoka huko hayana adabu. Kaeni upande wa mashariki, penye kivuli cha mlima.

Jirani wa Dunga

Omera mwalimu, mimi natembeza wageni kwa boti hapa Dunga, Kisumu. Dada amesema kweli yote kuhusu upepo. Mimi namwongezea, na pengine hatapenda: msitoke bila injini. Si lazima iwashwe. Ikae nyuma imefunikwa turubai, au mpatane na mwenye boti anayejua mmeenda wapi na mnatarajiwa lini. Mtu akiugua saa tano ya shwari, hakuna tanga litakalomfikisha hospitali.

Pia kuna mtu atakushauri mwanzie Kisumu kwa kuwa ni karibu na Nakuru. Usikubali. Gugumaji huku ndani ya ghuba linatembea na upepo, na upepo wa alasiri unalisukuma upande wetu, kuanzia Kisumu hadi Kendu Bay na Homa Bay. Asubuhi unaacha maji safi, jioni unakuta shamba la kijani. Boti ya injini inahangaika humo, propela inakabwa na mizizi, lakini walau unaweza kurudi nyuma. Mashua ya tanga ikiingia imeingia. Mbita iko mdomoni mwa ghuba, nafasi ni kubwa zaidi.

Kabla ya kulipa chochote fika kwa kamati ya bichi uulize kama chombo kimekaguliwa kubeba abiria na kama jaketi za kuokoa maisha zinatosha watu wote, nahodha na mtoto wa kata wakiwemo. Ivae, ifunge kamba zote, uone kama inapanda hadi masikioni. Jaketi ya kukalia kama mto haimwokoi mtu. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa ziwa, unaotaja upepo, mawimbi na mvua. Usome jioni ya kuamkia safari, kisha umwulize nahodha anaonaje.

Mkakamega aliye Essex

Nimefurahi sana kuona uzi huu. Mimi ni muuguzi, kwetu ni Kakamega, nafanya kazi Essex, Uingereza. Wikendi moja wauguzi wa wodi yetu tulikodi moja ya yale majahazi ya kale ya mto Thames, kutoka mji wa Maldon. Nieleze kidogo, maana yale niliyoyaona huko yanamgusa mwenzenu asiyejua kuogelea.

Majahazi yale yalikuwa ya mizigo. Yalipeleka London nyasi kavu za farasi, matofali, nafaka, na kurudi na samadi ya farasi hao hao kwa ajili ya mashamba. Matanga yao ni mekundu ya kahawia, kwa sababu yalipakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya samaki yasioze. Chombo kikubwa hivyo kiliendeshwa na watu wawili, wakati mwingine na kijana wa tatu. Cambria ndilo lililokuwa la mwisho kubeba mizigo kwa tanga pekee, na liliacha mwaka 1970. Siku hizi yaliyobaki hubeba watu kama sisi, na tulilala pale pale palipokuwa pa mizigo.

Hayana mkuku. Chini ni bapa, ili maji yakipwa chombo kikae juu ya tope bila kuinama. Badala ya mkuku yana mabawa mawili makubwa ya mbao ubavuni, na linashushwa lile la upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, ili chombo kisiburutwe na upepo. Kulishusha na kulipandisha ni kwa mkono, kwa kuzungusha roda ya chuma. Nahodha wetu, mama wa makamo, alikuwa ametuandikia wiki nzima kabla kwamba saa ya kuondoka itaamuliwa na maji kujaa na kupwa. Tuliondoka saa tisa usiku. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu alitwambia mapema.

Sasa yule wa kuogopa maji. Kati yetu alikuwepo dada mmoja aliyetetemeka tangu gatini. Nahodha hakumbembeleza. Alimpa kazi: wewe bawa la kushoto ni lako, nikisema shusha unashusha. Dada yule alishinda pale siku nzima akisubiri kuitwa, macho kwa nahodha, mikono kwenye roda, na jioni alikuwa anatufundisha sisi. Kwa hiyo mwalimu, mwombe mwenzenu ruhusa, mwambie nahodha peke yake, kisha apewe kazi yenye jina. Na mje na mifuko laini inayokunjika. Masanduku magumu hayana pa kukaa.

Swali kwa Nyar Rusinga: mashua zenu zina mkuku, kwa hiyo Takawiri hamfiki mchangani moja kwa moja, sivyo? Watu wanashuka majini?

Mhudumu wa kliniki, Homa Bay

Nijibu hilo la mwisho upande wangu. Ndiyo, watashuka majini, na hapo ndipo kichocho kinapowapata. Wadudu wake wanatoka kwa konokono wanaokaa maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani, karibu na watu wanapooga na kufua. Wanapenya ngozi bila mtu kusikia chochote. Visiwani na kwenye bichi za huku ugonjwa huu ni wa kawaida sana, watoto wengi wanaishi nao, na inaniuma kwamba wageni wanaondoka nao bila kujua walichobeba.

Msiogelee penye matete. Mnaposhuka chagueni mahali pa mchanga na mawimbi, msikawie, mjifute kwa nguvu kwa taulo kavu mara mkitoka. Halafu dawa: prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, si ile michanga, kwa hiyo kuimeza kesho yake hakusaidii. Ngojeni wiki sita hadi nane baada ya safari, mwende hospitali hapo Nakuru, mseme wazi mlikuwa ziwani, mpimwe mpewe dozi kulingana na uzito. Wahudumu wa bara wakisikia damu kwenye mkojo au tumbo lisiloisha huwaza mambo mengine kwanza.

Chandarua kila mtu na chake, malaria ya huku haipumziki. Maji ya kunywa yachemsheni au mtie dawa. Usiku laleni mbali na matete na mbali na njia za viboko, wanapanda kula majani gizani.

Mwalimu wa Njoro

Nimesoma yote mara mbili na nimewatumia wenzangu. Dada wa Rusinga, umetugeuza. Mmoja wa wale wawili amekwisha kuahirisha mkutano, wa pili amesema hataweza na ametutakia heri, tutakuwa sita. Tutafuata mpango wako: Jumamosi Rusinga, Jumapili kwenda, Jumatatu kurudi, na Jumanne tumeiacha wazi pia.

Yule mwenzetu ameniruhusu. Amesema akipewa kazi atakuja. Sasa kwenye mashua ya kwenu, kazi gani inamfaa? Na kuhusu injini, wewe unaonaje? Pia Mfangano tufanye nini kwa nusu siku, zaidi ya michoro?

Nyar Rusinga

Mwalimu, kuacha hata Jumanne wazi kumemfurahisha baba. Nimemsomea maneno yako akacheka, akasema huyo mtu anaweza kupanda.

Injini: jirani wa Dunga yuko sawa. Napenda tanga na roho inaniuma kuona chuma nyuma ya mashua, lakini nimelelewa na kina mama waliongojea ufukoni watu ambao hawakurudi. Iwepo, ifunikwe.

Mwenzenu apewe kata. Nasema hivyo kwa moyo wote. Penye ngama ndipo katikati, chini kabisa, mashua inapoyumba kidogo, na foromali, ule mti unaoshika tanga, ikihama haimgusi kichwa. Kazi haikatiki, na kila nahodha anajua kwamba anayechota maji ndiye anayeijua mashua kuliko wote waliomo. Anaona mapema kama maji yanaongezeka, na akisema, nahodha anasikiliza mara moja. Nyinyi wengine mtakuwa farumi, uzito wa kuisawazisha mashua: tanga likijaa mnahamia upande wa joshi, unakotoka upepo, upepo ukilegea mnarudi, bila kusimama na bila kungoja kuambiwa mara mbili. Jaketi mwilini muda wote, pamoja na wale wanaojua kuogelea.

Na dada wa Essex, ndiyo, watu hushuka. Mashua inasimama maji ya magoti, upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, unachomekwa, mnashuka na mizigo kichwani. Mfuateni mhudumu wa kliniki kwa kila alilosema.

Mfangano mkifika mapema, pumzikeni jua likiwa juu. Michoro ya Mawanga na Kwitone ni duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, kazi ya watu wa kale waliokuwa huku kabla yetu. Wazee wanaiheshimu sana, kwa hiyo nendeni na mwenyeji, msiguse mwamba, msimwage maji juu yake ili picha itoke vizuri. Mwanzie kwenye makumbusho ya Abasuba, yaani Wasuba, wao watawapa wa kuwaongoza. Anayependa mlima apande Kwitutu, ila apande alfajiri ya Jumatatu, kwa kuwa mashua haitamngoja upepo ukishafika.

Usiku tazameni majini. Agosti omena, dagaa wa huku, inakuwa imefunguliwa tena, maana uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na mwezi ukiwa haupo taa za wavuvi zinakuwa nyingi hadi unadhani kuna mji umejengwa ziwani. Chagueni wikendi ya giza kama mnaweza.

Ila kwa sababu hiyo hiyo niletee tarehe mapema. Manahodha wazuri wakishaanza kuitwa na wenye nyavu za omena, hampati mtu. Seremala aje na futi yake ya kupimia na kitambaa cha kukalia. Fundi wetu akimpenda mtu humweka kazini siku nzima.